Mpaka Kiunoni

Hapakuwa na mtu pale kanisani aliyeujua ubatizo kama fundi bomba yule. Hata Mchungaji akikwama kwenye mahubiri alikuwa akimtafuta kwa macho. Siku sita za wiki alishinda chini ya masinki ya watu, spana mkononi, shavu limegusa sakafu. Siku ya saba alivaa koti lake la kijivu, akasimama mbele ya darasa la ubatizo na kugeuka mtu mwingine kabisa. Kazini aliitwa Fundi, kanisani aliitwa Mwalimu, na ole wako uyachanganye. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa amewaandaa watu mia tatu na kumi na wawili kushuka majini, na idadi hiyo hakuwa na taabu kuitaja hata pale ambapo hakuna aliyemwuliza.

Bwawa lenyewe la ubatizo lilikuwa kazi ya mikono yake. Lilijengwa chini ya jukwaa la mbao, bomba la kujazia kulia, la kutolea maji kushoto, na yote aliyafunga yeye bila kudai hata nauli. Mara moja kwa mwaka mbao ziliondolewa, bwawa likasuguliwa na kujazwa, na kanisa zima likachachamaa utadhani kuna harusi ishirini kwa mpigo. Mwaka huu orodha ilikuwa na watu kumi na tisa. Wangekuwa ishirini, lakini yule dereva wa lori waliyemwita Breki alikuwa ameahirishwa tena, mwaka wa pili mfululizo, kwa sababu Mwalimu alisema hajaiva. Na kati ya hao kumi na tisa alikuwemo binti yake Mwalimu mwenyewe, kitinda mimba wake, ambaye tangu anatambaa watu walimwita Kitinda tu.

Ilibaki wiki moja. Jumapili mchana, Kitinda alikuja mezani na daftari.

"Baba, nimebakiza kazi moja. Ile ya kumhoji mtu wa nyumbani."

Fundi alikuwa anatafuna. Aliendelea kutafuna, ila polepole zaidi.

Kazi ile aliitunga yeye. Kila mwaka wanafunzi wake walitakiwa kumhoji mtu wa nyumbani mwao aliyebatizwa: siku ile ilikuwaje, maji yalikuwaje, shahidi wake alikuwa nani, na alipotoka alijisikiaje. Wote mia tatu na kumi na wawili waliifanya. Wanawe wakubwa walimhoji mama yao, na haikumpitikia hata siku moja kwamba ipo siku mtu wa nyumbani atakayehojiwa atakuwa yeye.

"Mhoji mama yako," alisema.

"Mama alishahojiwa na kaka zangu wote wawili. Jibu lake linajulikana, maji yalikuwa baridi akapiga kelele."

"Na nilipiga kweli!" Mama Kitinda aliitikia kutoka jikoni, kwa furaha ya mtu anayekumbuka jambo zuri. "Mchungaji mwenyewe alishtuka!"

"Sasa nakutaka wewe," Kitinda alisema, kalamu tayari. "Swali la kwanza. Maji yalikuwaje?"

"Maji ni maji."

"Ah, Baba! Mimi ningekujibu hivyo ungenipa sifuri. Haya, la pili. Shahidi wako alikuwa nani?"

Fundi alisimama, akafuta mdomo, akachukua mfuko wake wa vifaa nyuma ya mlango. "Kuna koki ya watu inavuja," alisema, akatoka. Mama na binti walitazamana. Mtu huyu hajawahi kushika spana Jumapili, hata ile Jumapili bomba la jirani lilipopasuka na maji yakaingia mpaka sebuleni kwake yeye mwenyewe.

&nbsp;

Mama Kitinda alimkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa mbele ya bomba la uani, anakaza koki.

"Baba Kitinda, hiyo koki haivuji."

"Najua."

"Basi iache kabla hujaivunja."

Aliiacha. Alikaa, mikono imening'inia magotini, halafu akalitoa lote kwa mara moja kama mtu anayetema mfupa. "Mimi sijabatizwa."

Mama Kitinda alicheka. Alicheka vizuri tu, kwa sauti, mpaka alipoona mwenzake hacheki. Akapindua ndoo akaikalia.

"Na cheti? Kile cha ukutani?"

"Cheti kiliandikwa kabla. Siku ile tulikuwa thelathini na mmoja, tumepanga foleni mtoni. Mimi wa ishirini na nane. Walipofika ishirini na wanne ikaanguka mvua ya mawe, watu wakakimbia huku na huku. Mchungaji wa wakati ule akasema waliobaki warudi mwezi ujao. Lakini vyeti vilikuwa vimeshaandikwa, wakatugawia wote."

"Hukurudi."

"Wenzangu sita walirudi. Mimi ndani ya mwezi huo nikachaguliwa kiongozi wa vijana. Sasa kiongozi arudi kupanga foleni na anaowaongoza? Watu wangesema nini?"

"Miaka ishirini na sita," alisema Mama Kitinda, akihesabu toka siku alipoolewa. "Kila Jumamosi nakipanda kiti, nakitoa kile cheti, nakifuta vumbi kwa kitambaa na sabuni. Kumbe nafuta mvua ya mawe!" Safari hii hakucheka. "Hata mimi usiniambie? Mimi mkeo?"

"Mwaka wa kwanza niliona aibu. Wa pili nikaona nimechelewa. Baadaye wakanipa darasa, nikajiambia kila ninayemwandaa akishuka, ni kama nimeshuka mimi. Mia tatu na kumi na wawili, Mama Kitinda! Mungu hawezi kusema hao hawatoshi."

"Mungu hakukuomba mia tatu na kumi na wawili. Alikuomba mmoja."

Alinyanyuka, akairudisha ndoo mahali pake, akaenda kuangalia sufuria aliyoiacha jikoni.

&nbsp;

Jumanne Fundi alikwenda ofisini kwa Mchungaji. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia mle bila kubeba ushauri. Mchungaji alikuwa kijana, ana mwaka wa pili tu pale, na Mwalimu alikuwa na mazoea ya kumsahihisha mbele za watu, kwa upole, kwa tabasamu, na kwa sauti iliyofika mpaka benchi la mwisho. Kwa hiyo alipomwona anagonga mlango na kusubiri akaribishwe, kijana wa watu alidhani kuna msiba.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kufunga dirisha.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu."

"Katibu wa kanisa?"

"Mungu apishe mbali! Katibu akijua ni kumwaga mtama penye kuku wengi."

Mchungaji alizunguka meza mara mbili. Aliogopa, na wala hatumlaumu. Kanisa lake la kwanza, na mtu aliyeandaa nusu ya waumini wake anakuja kumwambia yeye mwenyewe ni mkavu. "Alhamisi utajaza bwawa kwa majaribio, si ndiyo? Kama kila mwaka. Basi saa nne nitakuja. Tunafunga milango, dakika tano, tumemaliza. Jumapili unasimama mahali pako kama kawaida."

Fundi alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alitoka pale mwepesi, akapita sokoni akawasalimu watu ambao huwa hawasalimu, akanunua matunda ambayo hakutumwa. Njia nzima alimshukuru Mungu kwa kumfungulia mlango, na ingekuwa vigumu kumweleza wakati ule kwamba mlango wenyewe ulikuwa umefungwa.

&nbsp;

Alhamisi saa nne maji yalikuwa tayari. Mchungaji alitia komeo mlango mkubwa, akatia na ule mdogo, akavua viatu. Fundi alishuka ngazi alizozijenga mwenyewe akiwa na suruali na fulana, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka akasimama chini, maji yakimfika kiunoni. Alikuwa ameingia mle mara nyingi kusugua vigae, lakini hakuwahi kuingia akitetemeka.

"Mpendwa," Mchungaji alianza kwa kunong'ona, kitabu mkononi, "je, unakiri mbele za Mungu na mbele ya mashahidi hawa…"

Wote wawili waliyatazama mabenchi. Yalikuwa mabenchi tu.

"Tuseme mbele za Mungu peke yake," alisema Mchungaji. "Anaelewa."

Kichwani mwa Fundi sauti yake mwenyewe ilikuwa inafundisha somo la sita, kwa mbwembwe zote, na darasa linacheka: *Ndugu zangu, ubatizo wa kujificha unaitwa kuoga.* Kila mwaka alilitamka neno lile na kila mwaka lilichekesha.

Ndipo mlango ukagongwa.

"Hodi! Nani kafunga humu?" Alikuwa Bibi wa Mbele, yule mama mzee aliyekalia benchi la kwanza kila Jumapili na kuyatolea maneno mahubiri yote kwa sauti. Alikuwa ndiye mshonaji wa kanzu nyeupe za ubatizo. "Nimeleta kanzu! Mbona nasikia maji?"

Mchungaji aligeuka rangi. "Tunapima maji, Bibi!" alipaza sauti. "Mwalimu anapima kina!"

"Yanafika wapi?"

Mchungaji alimtazama Fundi. "Kiunoni!"

"Hayatoshi hayo! Mwambie aongeze!"

Mchungaji alikuwa amelowa jasho, na Fundi alimwonea huruma, halafu akajionea aibu, aibu ya kweli, siyo ile ya kujali watu. Yaani amemtia mtumishi wa Mungu uongo mdomoni, ndani ya nyumba ya Mungu, huku yeye amesimama kwenye maji ya ubatizo! Alipanda ngazi akichuruzika, akaondoa komeo kwa mkono wake mwenyewe, akampokea Bibi wa Mbele kanzu zake. Bibi alimtazama kutoka fulana mpaka miguuni, akasema tu asilowanishe vitambaa vyake.

&nbsp;

"Kwa hiyo," alisema Mama Kitinda akianika ile suruali, "umemtii Mungu mpaka kiunoni."

Fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Na Kitinda alikuwa amesimama nyuma yake, ametoka shule, begi bado mgongoni. Hawakumsikia akiingia.

"Baba kafanya nini?"

Mama Kitinda alikibana kibanio cha nguo mdomoni. Lilikuwa jibu la mwenyewe kulitoa. Fundi alimweleza mwanawe yote, foleni, mvua ya mawe, cheti, na asubuhi ya leo, na maneno yalikuwa machache kuliko alivyotarajia. Kumbe uongo wa miaka yote ile unasimulika kwa dakika tatu.

Kitinda hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Somo la kwanza," alisema, "ulituambia anayemfuata Mungu nusunusu anajifuata mwenyewe. Nimeliandika kwenye jalada la daftari langu, Baba. Kwa wino mwekundu."

"Mwanangu, usiniangalie mimi. Mwangalie Mungu."

"Mimi Mungu nimemjulia kwako!" Sauti ilimkatika. "Sasa mimi naingia kwenye nini, kama aliyenielekeza njia hajapita? Sibatizwi. Jumapili nitakwenda, nitakaa na Mama, lakini majini siingii."

Aliingia chumbani kwake. Mlango haukubamizwa, ulifungwa taratibu, na hilo likamuuma Fundi kuliko kubamizwa.

Alikaa pale ngazini muda mrefu. Suruali ilidondosha maji mpaka ikaacha. Mwisho alisema, "Nitasimama Jumapili mbele ya wote. Nitashuka na wanafunzi wangu. Bila koti."

"Una hakika?" mkewe aliuliza. "Usiseme leo, kesho ukaingia mitini."

"Naogopa sana, Mama Kitinda. Lakini nina hakika."

"Basi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, alikaa karibu naye.

&nbsp;

Kutii kukianza hakuishii pale ulipopanga. Ijumaa alimpa Mchungaji taarifa, na Mchungaji, baada ya kuuliza watu watasema nini na kujibiwa kwamba watasema wanachotaka, alisema, "Na mimi nitawaomba radhi kwa ule mlango." Lakini Jumamosi asubuhi, Fundi akinyoa ndevu, jina la Breki lilimjia kichwani na likakataa kutoka. Alijaribu kulifukuza kwa wimbo. Halikutoka. Akavaa viatu.

Yadi ya malori ilikuwa na harufu ya dizeli na mpira. Breki alikuwa ameinama chini ya boneti, mikono myeusi hadi viwikoni. Zamani alikuwa mlevi ambaye watoto walimkimbia. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu hajagusa pombe, na Jumapili alikaa benchi la nyuma karibu na mlango kwa kuwa alijua nguo zake zinanuka kazi.

"Fundi!" aliita kwa uchangamfu. "Leo umekuja kwenye mabomba ya injini?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Mtihani wako wa ubatizo, mwaka jana na mwaka huu, nilikuangusha kwa swali la nne."

"La toba. Nilisema toba ni kugeuza gari ukiwa bado hujafika korongoni."

"Ni jibu zuri. Nililijua ni zuri siku ile ile." Fundi alisogea karibu na boneti. "Nilikuangusha kwa sababu darasani hukuniita Mwalimu. Uliniita Fundi. Mbele ya watu."

Breki aliweka spana chini taratibu. Alikuwa na haki ya kukasirika na alianza kukasirika. Mshipa wa shingo ulimtoka. "Miaka miwili, Fundi? Nilikuwa narudi nyumbani nikijiuliza dhambi gani Mungu hajanisamehe. Mke wangu akaniambia labda bado nanuka pombe kiroho. Kumbe ni jina?"

"Ni jina. Na kuna lingine. Mimi mwenyewe sijabatizwa."

Akamweleza. Madereva wawili waliokuwa wakinywa chai karibu walisogeza vikombe vyao wasikie vizuri, na Fundi aliwaona, na hakushusha sauti. Alipomaliza, Breki alimkodolea macho, midomo ikaanza kumcheza, na ghafla akapasuka. Alicheka mpaka akaegemea tairi, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye masizi ya mashavu.

"Kwa hiyo… kwa hiyo ulikuwa unanisahihishia mtihani ambao wewe hujaufanya!"

"Ndiyo."

"Mganga hajigangi!" walidakia wale wa chai, nao wakaangua kicheko.

Fundi alisimama katikati ya kicheko kile, masikio yanawaka moto. Wiki moja nyuma angeondoka na asiongee nao mpaka kaburini. Alisubiri kiishe. Kilipoisha alisema, "Kesho saa tatu. Njoo ubatizwe. Mimi nitashuka baada yako."

Breki alifuta uso kwa mkono, akauchafua zaidi. "Nitakuja. Ila nakwambia mapema, nitakuita Fundi."

"Ndilo jina langu."

&nbsp;

Jumapili kanisa lilifurika mpaka madirishani. Mbao zimeondolewa, maji yanameremeta, kwaya imekwishaimba nyimbo tatu na bado haijachoka, na Bibi wa Mbele alikuwa ameshatoa maoni kuhusu kina cha maji, safari hii akiridhika. Wabatizwa walikaa mstari wa pili na kanzu zao nyeupe. Kitinda hakukaa nao. Alikaa kando ya mama yake na kanzu yake imekunjwa mapajani, mikono juu yake, macho sakafuni.

Kwa desturi Mwalimu ndiye aliyesoma majina. Alipanda bila koti, na minong'ono ikaanza hapo hapo, maana watu walikuwa hawajui kama ana mashati. Alisoma majina kumi na tisa, na kwa la mwisho, la binti yake, hakuna aliyesimama.

"Nina majina mawili ya kuongeza," alisema. "La kwanza ni ndugu yetu Breki, niliyemzuia miaka miwili kwa kiburi changu, siyo kwa kosa lake. La pili ni langu."

"Kasema la nani?" aliuliza Bibi wa Mbele.

"Langu, Bibi. Mimi sijawahi kubatizwa."

Akaeleza yote, kwa maneno yale yale matatu manne aliyomwambia mwanawe. Kwamba cheti ni cha uongo. Kwamba alijificha nyuma ya darasa lake. Kwamba Alhamisi alijaribu kuifanya kwa siri na hata hiyo ikamshinda. Katibu alikuwa anafunua daftari la kanisa ukurasa kwa ukurasa kana kwamba mvua ya mawe imeandikwa mahali. Baba mmoja mwenye duka, aliyefundishwa naye zamani, alichukua kofia yake, akapita katikati ya mabenchi akatoka nje, na viatu vyake vilisikika mpaka getini. Fundi alimtazama akiondoka. Hilo nalo lilikuwa sehemu yake na alilipokea.

"Na sisi je?" mtu alisimama, amechanganyikiwa. "Sisi uliotufundisha, wetu ni halali?"

Mchungaji alikuwa ameshaingia majini. Aliinua kichwa, na kijana yule ambaye wiki nzima aliogopa kivuli chake alisema kwa sauti iliyonyooka: "Mlibatizwa kwa jina la Mungu, ndugu yangu, siyo kwa jina la Mwalimu. Ni halali kabisa. Na Alhamisi mimi ndiye niliyefunga mlango na kumdanganya Bibi. Nisameheni."

"Nilijua!" alisema Bibi wa Mbele. "Nilijua maji hayapimwi kwa fulana!"

Kicheko kilizuka, cha kwanza, kisha kikaenea, na kanisa likapumua. Katikati ya kelele zile Kitinda alisimama. Hakumtazama baba yake. Aliikunjua kanzu, akaivaa palepale juu ya nguo zake, mama yake akimvutia mikono, akaenda kusimama mwisho wa mstari.

Wakaanza kushuka mmoja mmoja, na kwa kila aliyeibuka kwaya ililipuka upya. Kitinda alizama na kutoka akihema, nywele zimemganda usoni, akicheka na kulia kwa pamoja. Breki alipewa kanzu ya akiba iliyomfika magotini, maji yalipanda mpaka ukingoni alipoingia, na aliponyanyuliwa alinguruma "Amina!" hivi kwamba watoto walioshika madirisha waliachia. Benchi la nyuma zima lilisimama kumshangilia.

Kisha akabaki mmoja. Kanzu hazikuwepo tena. Fundi alishuka na suruali yake ya kazini.

"Nani shahidi wa mtu huyu?" aliuliza Mchungaji.

Mama Kitinda alikuwa ameshaanza kunyanyuka. Lakini sauti ilitoka ukingoni mwa bwawa, kwa mtu ambaye alipaswa kuwa amekwenda kubadili nguo na badala yake amesimama pale anachuruzika, meno yanagongana.

"Mimi."

"Shahidi lazima awe amebatizwa," Katibu alikumbusha.

"Nimebatizwa," alisema Kitinda. "Dakika kumi sasa."

Hapo Fundi alilia. Alilia wazi mbele ya watu wote, mabega yanatikisika, wala hakufunika uso. Maswali aliyajibu kwa sauti iliyopasuka, moja baada ya jingine, na la nne, la toba, akalijibu kwa maneno ya dereva wa lori. Mchungaji, mwembamba wa watu, alimshika mgongo na kifua akamlaza nyuma. Mwili mzito ule ulizama. Lakini hofu ni hofu, na mguu wake wa kulia uliruka juu, ukasimama nje ya maji na kidole gumba kimenyooka.

"Mguu!" alipiga kelele Bibi wa Mbele, amesimama juu ya benchi. "Mguu umebaki!"

Fundi aliibuka akikohoa. Mchungaji alikuwa anacheka huku akimshikilia. "Inatosha, Bibi! Mguu hauharibu kitu!"

Na ni kweli, hauharibu. Hakuna aliyelijua hilo kuliko Fundi. Alikuwa na somo zima juu yake, na angeweza kulitetea mpaka jioni. Alipangusa macho, akamtazama kijana yule ambaye yeye mwenyewe alizoea kumsahihisha.

"Rudia, Mchungaji," alisema. "Nizamishe mwili wote."

Alikunja magoti, akajiachia. Hakushika ukingo, hakushika mkono wa mtu. Maji yakamfunika uso, kifua, magoti, vidole, yote, na kwa muda mfupi hapakuwa na Mwalimu wala Fundi pale, ila maji yaliyotulia na kijana mmoja amesimama ndani yake.

Alipotoka, masikio yalikuwa yamejaa. Aliona watu wote wamesimama. Aliona vinywa vinafunguka na kufumba, Breki amenyoosha mikono juu, Mama Kitinda anaruka kama msichana, na hakusikia kitu, si neno moja, ila mvumo. Akageuka kwa binti yake, akamshika kanzu.

"Wanasema nini?" aliuliza. "Kitinda, wanasema nini?"

Kitinda aliinama, akaweka mdomo kwenye sikio lake.

"Hawasemi, Baba!" alipaza sauti. "Wanaimba!"